Boriti Nne za Nyagasenyi

Waliponiaga kazini walinipa saa ya ukutani. Nilishukuru, kwa sababu nimelelewa, lakini hadi leo sijui ni nani aliyeona kwamba mtu aliyeruhusiwa kulala ndiye anayehitaji saa. Hotuba ilisema nimeitumikia biro yetu, ofisi ya barabara hapa Rumonge, "kwa utiifu". Wenzangu wawili wa viti vya nyuma wakaanza kukohoa. Wanajua.

Wiki ya tatu haijaisha, siku ya Jumanne, Divine akabisha hodi. Divine ndiye enjenyeri aliyekalia kiti changu. Amesoma kuliko mimi na bado hajajifunza kunyamaza mkutanini, mambo mawili yanayonipa matumaini. Mkononi alikuwa na karatasi. Sikuhitaji miwani. Ilikuwa rapo ileile, ripoti iliyoletwa mezani kwangu miaka minne iliyopita, neno kwa neno: boriti za daraja la mbao la mto Nyagasenyi zimeoza zote, daraja livunjwe, mahali pake pawekwe mabomba ya zege na udongo juu yake. Chini, mstari wa saini. Safari hii jina lililopigwa chapa chini ya mstari lilikuwa lake.

"Wanaitaka Jumatatu, muzee," alisema. "Shefu wa biro anasema ni karatasi tu."

"Na daraja umeliona?"

"Nimelipita na gari."

"Basi umeliona kama ng'ombe anavyoliona kanisa."

Alitaka nimwambie asaini au asisaini. Sikumwambia. Nilimwambia nitamwandikia yeye na wenzake wa biro mambo ambayo dosiye, jalada la ofisi, haina, maana dosiye ya daraja lile ina kurasa tatu na zote zinadanganya kwa adabu. Vyeo vyangu sitavitaja. Nilivyopata ni vichache; vilivyobaki walipewa waliokuwa na mwandiko mwepesi.

Nilifika Rumonge miaka michache kabla ya vita. Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, kofia ngumu ya njano ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na viatu vya ngozi vilivyokufa siku hiyohiyo. Mkubwa wetu wa wakati ule alinituma nikatazame daraja la Nyagasenyi, kwenye barabara ya zamani inayopita juu ya mji, katikati ya michikichi, kuelekea vilima vitatu vya ng'ambo. Dosiye ilisema lilijengwa na utawala wa kikoloni. Sijawahi kuuona utawala ukibeba boriti. Waliobeba ni wazee wa vilima vile, boriti nne za mti mgumu, kila moja hatua kumi na mbili za mtu mzima, wakazilaza juu ya kuta mbili za mawe, na utawala ukasaini.

Kilichonishtua ni uchafu. Boriti na mbao za sakafu zilikuwa nyeusi, zimegandwa na kitu kinene kama ukoko wa sufuria, na kwenye jua kilinuka. Kitabu changu kilisema mbao zikaguliwe zikiwa safi. Nikaagiza vibarua, mabrashi na katoni nne za sabuni.

Msimamizi wa vibarua alikuwa Fundi Swedi, seremala wa mitumbwi pale pwani ya ziwa, Mwislamu wa mjini ambaye biro ilimkodi kila kiangazi. Alikuwa mfupi, na kofia yake ilishuka hadi kwenye nyusi kwa hiyo hukujua anakutazama au anakupuuza.

"Enjenyeri," aliuliza, "tunaosha daraja ao tunaosha maiti?"

"Daraja, fundi. Nataka kuziona mbao."

"Mbao iko. Iko chini ya mafuta. Haijaenda sokoni."

Vibarua walicheka. Mimi nikaongeza sauti, kama afanyavyo kila mtu mwenye kofia mpya. Tulisugua siku nne. Daraja likang'aa rangi ya asali, nikapiga picha. Halafu, kwa kuwa bado nilikuwa na bidii, nikaona ncha za boriti zimelala tu juu ya mawe, wazi, upepo unapita. Nikaona hilo ni uzembe wa kikoloni. Nikazimwagia simenti pande zote, zikashikwa imara kama jino.

Fundi Swedi aliitazama simenti. "Umeivalisha buti," alisema. "Sawa. Mvua ikiingia ndani ya buti, itatokea wapi?"

Chuoni hatukufundishwa kujibu maswali mafupi.

Masika ya pili mbao saba za sakafu zilikuwa zimepasuka, na moja ilimeza mguu wa mbuzi wa mwalimu wa shule. Ndipo Fundi Swedi alipokuja biro, akaweka keekee mezani juu ya karatasi zangu, akasema, "Njoo usome." Tulishuka chini ya daraja. Alinifundisha kugonga boriti kwa nyundo na kusikiliza: mbao nzima inarudisha pigo mkononi, mbao iliyooza inalimeza. Alinifundisha kutoboa kwa keekee polepole, kupokea unga wa mbao kiganjani, kuusugua, kuunusa. Unga mkavu unaonuka kama penseli mpya ni salama. Unga unaoganda na kunuka kama kisima cha zamani si salama, hata kama nje boriti inapendeza kama bibi harusi. Mashine tulizoletewa baadaye, zenye vioo na namba, hazikuwahi kuniambia jambo ambalo kiganja hakikuwa kimeshasema.

Na ule uchafu? Yalikuwa mashapo ya mawese. Kila kiangazi, wakimaliza kukamua, wanawake wa vilima vitatu huja na mashapo ya moto kwenye vyungu, wakayapaka kwenye mbao kwa brashi za makuti, kama mafundi wa pwani wanavyopaka mitumbwi. Mafuta hayaui mdudu; yanazuia maji, na mdudu hufuata maji. Ni ikibiri, kazi ya pamoja, na ina sheria zake. Kila kilima kina boriti yake, na kilima kinachopaka vibaya hutaniwa mwaka mzima harusini na misibani. Boriti ya nne ni ya wapita njia. Anayevuka siku ile, awe askofu au mwizi wa kuku, anashika brashi na kupaka mkono mmoja kabla ya kuendelea.

Mimi nilikuwa nimeondoa mapako ya miaka isiyohesabika kwa sabuni, sabuni iliyotengenezwa kwa mawese hayohayo. Kiangazi kile wanawake walikataa kuja. Ilibidi nipande vilima vyote vitatu kuomba radhi, na kilima cha tatu waliniacha nimesimama hadi wakamaliza kupukuchua mahindi. Niliomba ruhusa ya kuipaka boriti ya nne peke yangu, mwanzo hadi mwisho. Waliniruhusu, wakaleta viti wakatazama.

Miaka ya vita naiacha. Si kwa sababu hakuna la kusema. Ni kwa sababu kila mtu wa hapa ana lake na si la kuwekwa katikati ya habari za mbao. Itoshe kwamba daraja lilibaki, na kwamba kwa miaka hakuna aliyelipaka.

Jambo moja la baada ya vita siwezi kuliacha, ingawa ndilo ningependa kuliacha. Kusini kidogo, kwenye kijito cha Gasebeyi, kulikuwa na kidaraja cha magogo. Waliniletea rapo: magogo yameoza, pawekwe mabomba. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na safari ya Bujumbura, minibasi ilikuwa inapiga honi nje. Nilisaini bila kushuka kuyatazama. Mabomba yakawekwa, yalipendeza. Mvua kubwa ya kwanza ilishusha mchanga, migomba na makuti kutoka vilimani, yakaziba midomo yote miwili, maji yakapita juu na kuondoka na barabara. Asubuhi ile walikuwa wanamleta mama mjamzito kwa ingobyi, machela yetu ya kusuka, wanaume wanne wakipokezana. Walisimama ukingoni hadi saa nane mchana. Mtoto alizaliwa upande usio na zahanati. Mtoto yu hai, nimewahi kumwona. Mama yake hakufika.

Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana najiuliza mwenyewe. Saini yangu ipo kwenye karatasi ile, inasomeka vizuri, na chini yake nimepiga mstari kwa mbwembwe.

Wakimbizi waliporudi kutoka Tanzania, vilima vya ng'ambo ya Nyagasenyi vilijaa. Alirudi pia Mama Esperansi, aliyekaa kambini miaka mingi na akarudi na watoto watano, Biblia, na Kiswahili kilichonyooka ambacho alikitumia kama rula. Alikuta ikibiri ya daraja imekufa. Yeye ndiye aliyeifufua, kwa njia rahisi ya kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza kama wenyewe wana mabawa ya kuvukia mto. Fundi Swedi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Aliacha tezo, keekee, misumeno mitatu, na binti yake Mwamini, ambaye alikuwa ameshika tezo tangu akiwa hajui kusoma. Pwani walikuwa wakisema mwanamke akiunda mtumbwi utavuja. Mitumbwi yake haikuvuja, wakabadilisha wakasema ni mizito.

Kisha ziwa likapanda. Mnakumbuka: nyumba za ufukweni zilikaa ndani ya maji, na barabara ya chini ikakatika vipande. Malori yote yakapandishwa barabara ya zamani, juu ya daraja lililojengwa kwa ajili ya baiskeli na gari la padri. Hapo ndipo shefu wetu wa sasa alipoleta rapo mezani kwangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeshaandikwa. Boriti zote zimeoza. Hakuna mtu aliyekuwa ameshuka chini ya daraja mwaka ule ila mimi na bata wa jirani.

"Zote nne?" nilimuuliza.

"Ndugu yangu, ni mbao. Mbao inaoza."

"Na sisi pia. Mimi sisaini."

"Unajua mabomba yameshaagizwa?"

"Yakifika yatakaa nje. Hayali."

Alinikumbusha umri wangu, akanikumbusha kwamba kuna kituo cha mizani kinachohitaji enjenyeri, mahali pasipo na kivuli. Nilimwambia napenda jua. Sikuwa shujaa. Lakini nilikuwa nimeshasaini moja ya namna ile, na mtu hapewi mbili.

Kilichoniokoa ni uvivu wa barabara: mabomba yalikwama njiani, na malori hayakuweza kungoja. Shefu akasema, haya, tengeneza kwa ulivyo navyo, na likianguka ni lako. Nilimwomba aiandike sentensi hiyo. Akakataa. Nikaiandika mimi.

Tulitoboa boriti zote. Tatu zilikuwa nzima. Ya tatu kutoka juu ya mto ilikuwa imeoza ncha moja, kiasi cha urefu wa mkono, palepale ndani ya simenti yangu. Nililiandika hilo kwenye rapo kwa jina langu, ukurasa wa kwanza. Mtu akiikuta leo kwenye dosiye aniambie, maana mimi sijaikuta.

Tulibomoa simenti. Tulikalisha ncha za boriti juu ya mawe yaliyochongwa, na nyuma yake nafasi ya vidole vinne ili upepo upite kama wazee walivyotaka. Kati ya boriti tuliingiza mihimili miwili ya chuma iliyokuwa imelala miaka nyuma ya karakana, na sakafu tukaifanya tabaka mbili, ya juu ikilala mshazari ili uzito wa gurudumu ugawanywe kwenye boriti mbili badala ya moja. Ncha iliyooza aliikata Mwamini, akaunga kipande kipya kwa kiungo cha mitumbwi, kirefu, kilicholala kama viganja viwili vilivyokutanishwa kuomba dua, akakifunga kwa bolti na mabamba ya chuma. Mimi nilisimama juu nikitoa maelekezo.

"Papa enjenyeri," aliniita kutoka chini, "timazi hatupimi kwa mudomo. Shuka ushike kamba."

Nilishuka nikashika kamba. Ndicho cheo cha juu nilichowahi kupata.

"Na wewe binti," Mama Esperansi alisema kutoka ukingoni, "ni mdomo, si mudomo."

"Mama, weye kilima chako kimepaka boriti kama watoto wanapaka mukate. Tuache lugha."

Siku ya kulijaribu, dereva wa lori la mchanga alizima injini mbele ya daraja. Akauliza nani amesaini. Nikasema mimi. Akafungua mlango wa pili. Nilipanda, kwa sababu hakukuwa na jibu lingine, na tulivuka kwa mwendo wa maziko. Mwamini alikuwa chini na kijiti cha kupimia. Alisema boriti zilishuka upana wa kidole, na lori lilipotoka zikarudi. Kila mwaka tangu hapo malori yanavuka, wanawake wanapaka, na mafuta ya vilima vitatu yanashuka mjini. Sikulitetea kwa sababu ni la kale. Vitu vingi vya kale ni vibovu, mimi nikiwemo. Nililitetea kwa sababu lilikuwa linafanya kazi, na waliosema halifanyi hawakuwa wameligusa.

Sasa mabomba yamefika. Yamepangwa nyuma ya biro, mazuri, yamesafiri mbali, na kitu kikishafika lazima kipate pa kwenda. Hiyo ndiyo sababu rapo imerudi. Hawakuihariri hata kidogo. Haijui kwamba mihimili ya chuma ipo.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika ilipofika Jumamosi. Baada ya kazi za pamoja za asubuhi, Divine alituma ujumbe: yuko chini ya daraja. Nilikwenda na kauli zangu zote tayari. Nilimkuta amevua viatu, suruali imekunjwa hadi magotini, keekee ya Mwamini mikononi na Mwamini mwenyewe amekaa juu ya jiwe akila mhogo. Mama Esperansi na wenzake wanne walikuwa ukingoni, hawajaitwa na mtu.

Alitoboa boriti ya kwanza. Unga mkavu. Nilitabasamu kama baba wa bibi harusi. Alitoboa ya pili, karibu na ukuta, akausugua unga kiganjani, akanusa, akatoboa tena pembeni yake. Kisha akanyoosha kiganja kwangu.

"Muzee, hapa kuna maji."

Niliunusa. Kisima cha zamani. Nilisema ni umande. Nilisema keekee imelowa mtoni. Nilisema mambo mengine mawili ambayo sitayaandika.

"Hiyo boriti ni yetu," Mama Esperansi alisema. "Haiwezekani. Tumepaka wenyewe."

"Mumepaka juu, mama," Mwamini alisema. "Huku nyuma hakuna mutu amepaka. Angalia, majani yamejaa kwenye ile nafasi ya vidole vinne. Upepo utapita wapi?"

Majani yale yalikuwa yanakusanyika miaka minne, na katika miaka minne hiyo enjenyeri alikuwa mimi. Divine alikuwa na adabu ya kuandika tu kwenye daftari lake, akatoboa ya tatu, pamoja na kiungo, na ya nne. Kavu. Alipanda juu akakaa kwenye sakafu ya daraja, miguu ikining'inia, akaandika robo saa. Lori moja la mawese lilipita nyuma yake, akainua kalamu hadi mtikisiko uishe, akaendelea.

Kisha akatusomea. Boriti tatu nzima. Boriti ya pili imeanza kuoza ncha moja. Ikatwe na kuungwa kabla ya mvua, chini ya usimamizi wa fundi Mwamini. Nafasi za upepo zisafishwe kila mwezi, hazikusafishwa. Daraja libaki wazi. Mabomba hayafai mahali hapa, na mtu anayetaka kujua sababu aende Gasebeyi.

"Watakupeleka kwenye mizani," nilimwambia. "Hakuna kivuli kule."

"Nitabeba mwavuli."

"Wataandika nyingine."

"Waandike. Hii itakuwa imefika kwanza, na kopi iko kwa Mama Esperansi."

Mama Esperansi akapokea kopi, akaikunja mara nne, akaisukuma ndani ya Biblia kwa nguvu kiasi kwamba sijui ni nani atakayeitoa. Nikanyoosha mkono kuomba kalamu, ili jina langu liwe chini ya lake, shahidi, mtu wa miaka mingi, kitu kama hicho.

Divine aliuangalia mkono wangu.

"Weye umestaafu, muzee," alisema, akasaini peke yake.